Live for Speed: gemu la magari lililowachosha wachezaji kwa kungoja

Mwaka 2008 wapenzi wa Live for Speed, gemu la mbio za magari linalochezwa kwa kompyuta kupitia intaneti, walipewa bishara njema. Gari jipya la Volkswagen, Scirocco, lingeingia katika gemu lao. Halikuwa jambo dogo kwao, maana magari mengi ya gemu hilo ni ya kubuni, na hapa lilikuwa linakuja gari la kweli, lenye nembo ya kweli. Picha zikatolewa. Watu wakaanza kuhesabu siku.

Walihesabu siku, wakahesabu miezi, kisha wakachoka kuhesabu. Volkswagen yenyewe ililiunda gari hilo, ikaliuza nchi nyingi, na mwaka 2017 ikaacha kuliunda. Ndani ya gemu, Scirocco bado halimo katika orodha rasmi. Gari limezaliwa, limezeeka na limestaafishwa kiwandani, na wachezaji wangali wanangoja kulishika usukani.

Kisa hiki ndicho kinachotajwa kila mara wachezaji wa Live for Speed wanapotoa manung'uniko yao, na manung'uniko ni mengi. Wapo wanaosema walidanganywa. Wapo wanaosema wenzao hawana shukrani. Nimeona niyaeleze mambo haya kwa kituo, kwa sababu vijana wetu nao siku hizi wananunua magemu ambayo hayajakamilika, kwa pesa ya M-Pesa waliyoichanga kidogo kidogo, na aghalabu hawajui wananunua nini.

Kwanza tuelewane kuhusu aina ya gemu lenyewe. Wengi wetu tunayajua magemu ya magari kutoka vibanda vya PlayStation mitaani, pale kijana analipa kwa mchezo mmoja, anashika kontrola na kukimbia. Akigonga ukuta anarudi barabarani kama kwamba hapakutokea kitu. Simuleta ni habari nyingine. Simuleta inahesabu uzito wa gari unavyokwenda mbele unapofunga breki, unavyolalia upande mmoja unapokata kona, mafuta yanavyopungua na gari kuwa jepesi, na tairi linavyopata moto. Wachezaji wake hawataki kontrola. Wananunua usukani wa kufunga mezani, wenye pedali tatu na gia. Anayeingia mara ya kwanza huzunguka kama pia kwenye kona ya kwanza, na pengine asimalize hata mzunguko mmoja siku hiyo. Raha yake ni kujifunza. Mtu anaweza kukaa na gari moja na uwanja mmoja miezi mitatu, akitafuta namna ya kupunguza sekunde moja tu.

Live for Speed lilipotoka hadharani mwaka 2002, lilikuwa miongoni mwa yaliyowafanya watu waseme: naam, hivi ndivyo gari linavyokwenda. Na jambo lililowashangaza ni kwamba lilikuwa kazi ya watu watatu. Scawen Roberts, Mwingereza, ndiye anayeandika programu yenyewe: injini, breki, matairi, hesabu zote. Eric Bailey huchora na kuyaunda magari na viwanja. Victor van Vlaardingen, wa Uholanzi, ndiye mwenye shughuli ya sava na mifumo ya kuwaunganisha wachezaji na kuhifadhi nyakati zao. Hakuna kampuni kubwa nyuma yao. Hata leo, ukisikia "watengenezaji wa Live for Speed", maana yake ni hao watatu.

Walilipanga gemu lao kwa hatua tatu, wakazipa majina mafupi: S1, S2 na S3. S1 ilitoka Julai 2003. S2 ikafuata Juni 2005, ikiwa na viwanja zaidi na magari zaidi, lakini ikiwa na neno dogo pembeni: alfa. Alfa katika lugha ya watu wa programu ni kitu ambacho bado kinapikwa, unakionja jikoni kabla hakijaletwa mezani. Leseni ya kila hatua hununuliwa mara moja tu, kwa pauni 12 za Uingereza. Mwenye S1 akitaka S2 anaongeza pauni 12, akitaka S3 anaongeza 12 nyingine. Jumla ni pauni 36, ambazo kwa viwango vya karibuni ni kama shilingi elfu sita za Kenya. Baada ya hapo hakuna ada ya mwezi wala ya mwaka, na kila marekebisho yanayotoka ndani ya hatua ile huyapata bure.

Miaka ile ya mwanzo mambo yalikwenda mbio. Kila baada ya muda mfupi pangetoka toleo, na ndani yake pana jambo jipya. Mwaka 2006 waliingiza BMW Sauber F1.06, gari la Formula One lililokuwa likishindana viwanjani mwaka huohuo. Fikiria hilo: unalitazama gari kwenye televisheni Jumapili mchana, usiku unaliendesha. Baadaye likaja gari dogo la mafunzo, Formula BMW. Orodha ikafika magari 20. Waliokuwepo wakati ule ndio wanaolalamika kwa uchungu zaidi leo, na naelewa sababu. Hawakuzoea kungoja. Walizoeshwa neema kisha ikakatwa.

Ikaja 2008 na Scirocco. Gari lilikwisha chorwa, lilikwisha tangazwa, lakini Roberts hakulitoa. Sababu ilikuwa matairi. Hakuridhika na namna gemu lilivyokuwa likihesabu mshiko wa tairi, akaamua kuandika hesabu hizo upya kabla ya kulitoa gari. Kwa mtu wa nje inaonekana kama kisingizio. Tairi? Miaka na miaka kwa sababu ya tairi?

Lakini hebu tulitazame tairi.

Sehemu ya tairi la gari dogo inayogusa lami ni ndogo, haipiti sana ukubwa wa kiganja cha mkono. Gari zima, tani moja na ushei, limesimama juu ya viganja vinne. Kila anachofanya dereva, kufunga breki, kukata kona, kukanyaga mafuta, hupitia kwenye viganja hivyo vinne na si mahali pengine. Simuleta ikikosea hapo, imekosea kila kitu, hata kama picha zake zinang'ara na injini inanguruma sawasawa.

Na tairi si gurudumu la mkokoteni. Linapinda, linajikunja, linapata moto, linalika. Likiwa baridi halishiki. Likipata moto wa kiasi linashika vizuri. Likizidi moto linaanza kuteleza tena. Gari linapokata kona, tairi halielekei hasa kule gari linakokwenda. Pana pembe ndogo baina ya mahali gurudumu linapotazama na mahali linapokwenda, na mshiko unategemea pembe hiyo. Ikiongezeka kidogo mshiko unaongezeka, ikipita kiasi tairi linaachia, na hapo ndipo unaona gari limegeuka nyuma mbele. Juu ya hayo, tairi lina akiba moja tu ya nguvu. Dereva akifunga breki na kukata kona kwa wakati mmoja, akiba hiyo lazima igawanywe baina ya kazi mbili, na mgawanyo huo ndio unaomtofautisha dereva hodari na dereva wa kawaida.

Wahandisi wana njia mbili za kuyaweka haya katika hesabu. Ya kwanza imefungamana na jina la Hans Pacejka, profesa wa Delft nchini Uholanzi, ambaye pamoja na wenzake aliendeleza fomula mashuhuri katika miaka ya 1980. Fomula hiyo haielezi kwa nini tairi linafanya linavyofanya. Inachukua vipimo vya maabara na kuchora mstari unaolingana navyo. Ni njia nzuri sana ukiwa na vipimo, na ndiyo inayotumiwa sana viwandani. Ya pili ni kulijenga tairi kuanzia ndani: mpira wake, upepo wake, kuta zake, joto lake, kisha kuacha tabia zake zitokee zenyewe. Njia hii ikifaulu ni ya ajabu, kwa sababu tairi litajua la kufanya hata katika hali ambayo hakuna aliyeipima. Isipofaulu, unarekebisha hapa panaharibika pale. Live for Speed lilijulikana tangu mwanzo kwa kuegemea njia hii ya pili.

Si Roberts peke yake aliyekwama humo. David Kaemmer, mmoja wa waanzilishi wa iRacing ya Marekani na mtu aliyekuwa akiunda simuleta tangu miaka ya nyuma, naye alitaka tairi la kujengwa kuanzia ndani. Kampuni yake ilileta tairi jipya mwaka 2011, kisha ikalirekebisha, ikalirekebisha tena, na miaka iliyofuata wateja wake nao walikuwa wakinung'unikia tairi hilohilo. Tofauti ni kwamba wateja wa iRacing walikuwa wakipewa kitu mkononi huku kazi inaendelea. Kila baada ya miezi mitatu hivi kampuni hiyo hutoa toleo jipya, likiwa na gari, uwanja au marekebisho. Anayengoja tairi anapata uwanja wa kujipoza moyo.

Kwa hivyo ugumu wa kazi si uongo. Anayesema watatu hao ni wavivu hajui tairi ni nini. Mimi nina lawama nyingine, na naona ndiyo iliyo ndani ya manung'uniko mengi hata kama wenyewe hawaisemi hivyo. Gari lilitangazwa kabla halijawa tayari, kisha ukafuata ukimya mrefu. Mara moja moja Roberts angejitokeza na kusema kazi ya matairi inaendelea. Kisha kimya tena. Fundi cherehani aliyekuahidi kanzu kabla ya Idi, Idi ikapita na nyingine ikapita, anaweza kuwa fundi hodari kuliko wote mjini, lakini kila ukipita dukani kwake akiwa hana neno la kukuambia, utaanza kumwona mtu wa namna nyingine. Watu wanavumilia kuchelewa. Wanachoshindwa kuvumilia ni kutojua.

Na kungoja huku si kwa mtu mmoja mmoja tu. Hapa ndipo simuleta ya mtandaoni inapotofautiana na kitabu au filamu iliyochelewa. Mbio zinataka watu. Sava isiyo na wachezaji ni baraza lisilo na wazee. Mabenchi yapo, kahawa ipo, hakuna wa kuzungumza naye. Ilipotoka rFactor mwaka 2005 wengine walienda kuitazama wakarudi. iRacing ilipofungua milango 2008, waliotaka mashindano yenye mpangilio mkali walihamia huko, ingawa ni ghali, maana unalipa ada na juu yake unanunua magari na viwanja kimoja kimoja. Kisha Waitaliano wa Kunos Simulazioni, ambao ofisi zao zilikuwa kwenye uwanja wa mbio wa Vallelunga karibu na Roma, wakakamilisha Assetto Corsa Desemba 2014. Gemu hilo lilikuwa na magari ya kweli ya kila namna, na lilimruhusu mchezaji yeyote kuongeza gari lake. Sava za Live for Speed zikapungua watu. Kila aliyeondoka alimpa jirani yake sababu ya kuondoka.

Waliobaki walikuwa na cha kupoteza. Watu wa kujitolea walikuwa wameendesha ligi kwa miaka, na waamuzi wao, kanuni zao na mabingwa wao. Wengine walikuwa wameandika programu ndogo zinazozungumza na gemu, kwa sababu watengenezaji waliacha mlango maalumu wa kufanya hivyo, na kwa programu hizo zikajengwa sava ambazo si za mbio kabisa: unaendesha mjini, unapata pesa za gemu, polisi wanakufukuza, unanunua gari. Waturuki hasa walilipenda gemu hili, na wapenzi wa kuteleza kwa makusudi kwenye kona, ambao wenyewe huita drifti, walilifanya nyumbani kwao. Kazi yote hiyo ilifanywa bure, juu ya kiwanja cha watu watatu. Yule anayelalamika kuwa gemu halisongi mara nyingi si mteja anayetaka pauni zake 12. Ni mtu aliyejenga nyumba kwenye kiwanja ambacho hati yake iko kwa mwingine, na anaona mwenye kiwanja hajulikani atafanya nini kesho.

Mambo yalisogea, lakini kwa mwendo wa mtumbwi. Mwaka 2013 waliingiza uwezo wa kutumia miwani ya Oculus Rift, ambayo humfanya mchezaji ajione yumo ndani ya gari. Katika hilo walikuwa miongoni mwa wa kwanza, na hawasifiwi vya kutosha. Mwaka 2015 uwanja wa Westhill ulifumuliwa na kujengwa upya. Desemba mwaka huohuo ikaja S3, miaka kumi na nusu baada ya S2. Walioingoja walidhani wataona tairi jipya na Scirocco. Walichopata ni Rockingham.

Rockingham ni uwanja wa kweli, karibu na mji wa Corby huko Northamptonshire, Uingereza, nao ulipimwa kwa miale ya leza ili kila tuta na kila ufa uwe mahali pake. Ulikuwa uwanja wa kwanza wa kweli katika gemu ambalo viwanja vyake vyote vingine ni vya kubuni. Ni kazi nzuri. Lakini kwa mtu aliyengoja muongo mzima, uwanja mmoja kwa pauni 12 ulionekana mkono wa birika. Wengi walilipa hata hivyo, na wengine walisema wazi kwamba wanalipa kama shukrani ya miaka waliyocheza bure.

Nikuambie kilichotokea Rockingham yenyewe. Uwanja huo, uliofunguliwa mwaka 2001, uliacha mbio mwishoni mwa 2018, na eneo lake likageuzwa kuwa pa kuegesha na kuhifadhi magari. Leo huwezi kushindana Rockingham ya Corby hata ukiwa na gari na pesa. Rockingham ya Live for Speed ingali inakimbiwa. Gemu linalotukanwa kwa kuwa taratibu limekihifadhi kitu ambacho wenye nacho walikiacha.

Hoja inayorudiwa sana ni hii: wangeajiri watu. Kwa kusema ni rahisi. Biashara ya leseni ya mara moja haina pesa za kila mwezi. Aliyelipa mwaka 2005 hajaleta senti nyingine mpaka 2015, na pengine hakuileta kabisa. Mshahara hulipwa kila mwisho wa mwezi. Ungetaka watu kumi ofisini, ungelazimika kuuza kama iRacing, kwa ada, na wale wanaopiga kelele leo kuhusu mwendo wangepiga kelele kuhusu bei. Isitoshe wingi wa watu na pesa si dawa ya kuchelewa. Star Citizen, gemu la vyombo vya angani la Chris Roberts (si ndugu wa huyu wetu, majina tu), lilianza kuchangiwa pesa na wachezaji mwaka 2012. Kufikia 2024 lilikuwa limekusanya zaidi ya dola milioni 700, lina mamia ya wafanyakazi, na lilikuwa bado halijatoka rasmi.

Kwa hivyo wizi sioni. Mtu aliyelipa pauni 24 mwaka 2005 na angali anaweza kucheza leo kwa leseni ileile, bila kuongezwa hata senti, hakuibiwa. Tafuta bidhaa nyingine uliyoinunua mwaka ule ambayo bado inafanya kazi na muuzaji bado anaihudumia. Lakini ahadi ni deni, na deni la Scirocco lipo. Kuna njia ya kulilipa hata bila kulitoa gari, nayo ni kuwaambia watu waziwazi: halitoki, au halitoki kabla ya jambo fulani, msilingoje. Wachezaji wangekasirika wiki moja wakanyamaza. Badala yake gari hilo limekuwa mzaha, na mzaha wa miaka mingi unaharibu jina kuliko kosa lenyewe.

Desemba 2021 watatu hao walifanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, lilikuwa bora kuliko yote tangu S2. Waliwaruhusu wachezaji kutengeneza magari yao wenyewe na kuyaingiza katika gemu. Walitoa vifaa vya kuundia, wakaweka utaratibu wa kuyakagua magari kabla ya kuidhinishwa, na wakakataza magari yaliyoibwa kutoka magemu mengine. Kukataza huko kuliwaudhi baadhi ya watu, kwa sababu kwingineko gari la kunakiliwa ni jambo la kawaida. Mimi naona walifanya vyema; kazi ya mtu ni mali yake hata ikiwa ni mchoro wa kompyuta. Unapoingia kwenye sava yenye gari usilokuwa nalo, gemu lenyewe linakushushia. Orodha iliyokaa kwenye 20 kwa miaka mingi ikajaa malori, mabasi, pikipiki na magari ya zamani. Anayetaka magari hayo lazima awe na S3, na hapo leseni ile iliyoonekana ni ya uwanja mmoja ikapata thamani. Ila ilichukua miaka sita kufika hapo.

Katika miaka ya karibuni pia wameonyesha picha za viwanja vya zamani vikiwa vimechorwa upya, vyenye mwanga unaobadilika na usiku wa kweli, na wameeleza namna wanavyoitenganisha kazi ya picha na kazi ya hesabu za gari ili kompyuta izifanye kwa pamoja. Safari hii walieleza kwa urefu, kwa lugha ya mtu anayefurahia kazi yake. Picha ni nzuri. Mchezaji wa zamani anazitazama, anatabasamu, kisha anauliza swali lilelile la 2008: lini?

Kwa msomaji wa huku kwetu anayetaka kujaribu, kuna jambo la umbali ambalo halina uhusiano na uzembe wa mtu yeyote. Kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, yaani tulipata intaneti ya maana wakati msisimko wa gemu hili ulikuwa umeanza kupoa. Sava nyingi ziko Ulaya. Mwanga ndani ya kebo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka Mombasa hadi London ni zaidi ya kilomita 7,000 hata ungenyoosha mstari kama ndege. Kwenda na kurudi ni zaidi ya milisekunde 70 kabla hujahesabu kona za kebo na vituo vya njiani. Kwa kawaida inafika 150 na kupita. Gari la kilomita 200 kwa saa hukata zaidi ya mita nane kwa milisekunde 150. Kwa hivyo gari la mwenzako unaloliona mbele yako kwenye skrini, kwa hakika liko mbele zaidi. Kompyuta yako inakisia mahali lilipo. Live for Speed linakisia vizuri, na hilo ni miongoni mwa mambo yaliyolipa sifa, lakini ukiwa bega kwa bega na Mwingereza kwenye kona, acha nafasi. Atakayeonekana amegonga ni wewe.

Kionjo chake ni bure na hakina muda wa kumalizika. Kina uwanja wa Blackwood na magari matatu: XF GTI la kuvutwa na magurudumu ya mbele, XR GT la kusukumwa na ya nyuma, na lile dogo la Formula BMW. Kinachezwa hata mtandaoni, ni chepesi kukishusha, na hakihitaji kompyuta ya maelfu ya shilingi. Anza na XF GTI, ndilo lenye huruma. Ukikaa nalo mwezi mzima na bado unataka zaidi, lipia kwa ajili ya yale yaliyomo ndani leo, kama kwamba hakuna toleo jingine litakalotoka. Scirocco usiliweke kwenye hesabu.